Meli ya Macho Matatu

Wahenga walinena kuwa jungu kuu halikosi ukoko. Hata hivyo, aghalabu kijana msomi hulitazama jungu hilo kwa nje tu, akaliona limechakaa, akalipita. Ndivyo ilivyomtokea mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, mzaliwa wa Seme, magharibi mwa mji wa Kisumu, aliporejea nyumbani kwa likizo ya Disemba mwaka 2004. Ukoo ulikuwa ukijiandaa kwa ibada ya kumkumbuka babu yake. Jiwe la kaburi lilikuwa limekwisha agizwa, na kwa kuwa kijana huyo ndiye aliyekuwa akisomea lugha, alikabidhiwa kazi ya kutunga maneno ya kuchongwa juu yake.

Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Ugumu ulikuwa katika mwaka mmoja tu. Baba yake mkubwa, karani mstaafu, mtu wa mafaili na mihuri, alishikilia kwamba marehemu alianza kazi kwenye gati la Kisumu mwaka 1941. Ushahidi wake ulikuwa kipande, kile cheti ambacho serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kutembea nacho. Tarehe ilisomeka bila shaka yoyote. Nyanya yake kijana, ambaye wajukuu wote walimwita Dani kama ilivyo desturi ya Waluo, alikataa katakata. Alisema kipande hicho kilikuwa cha pili, na kwamba cha kwanza kilizama ziwani. Mumewe, alisisitiza, alikuwa akivuta kamba za "meli ya angani" kabla hajamwoa, na ndoa yao, kwa mujibu wa cheti cha kanisa, ilifungwa mwaka 1936.

Mgeni angejiuliza kwa nini miaka mitano izue mvutano. Lakini katika boma lile kila mtu alijua. Kwa muda mrefu kulikuwa na mnong'ono kuwa ng'ombe wa mahari ya Dani walitolewa na kaka yake marehemu, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuwa na kazi wala senti. Mnong'ono huo ulizuka kila palipotokea ubishi wa mipaka ya shamba, na Dani alikuwa ameumeza kwa miaka mingi. Kama mumewe alianza kazi mwaka 1941, basi mnong'ono ulikuwa kweli, na sasa ungechongwa kwenye jiwe.

"Nyakwara," alimwambia mjukuu wake, "ng'ombe wale walinunuliwa kwa mshahara wa meli ile. Ilikuwa na orofa mbili na macho matatu. Babu yako alinieleza kabla sijakubali kuolewa."

Kijana alitabasamu kwa adabu. Meli ya angani, orofa mbili, macho matatu! Moyoni aliyaweka maneno hayo pamoja na ngano za mazimwi alizokuwa amezichambua darasani. Dani hakusema zaidi. Aliinuka, akafungua sanduku la bati, akatoa picha ndogo iliyochakaa pembeni, akampa.

Picha ilionyesha chombo kikubwa kimetulia juu ya maji, na mbele yake mashua ndogo yenye watu wanne. Mmoja wao, kijana mwembamba mwenye kamba mikononi, alikuwa na paji la uso na masikio yaliyorithiwa na nusu ya ukoo. Nyuma ya picha hapakuwa na maandishi yoyote.

Kosa la kwanza la mwanafunzi lilikuwa kutafuta jibu kabla ya kuitazama picha. Alikwenda maktabani, akasoma kuhusu ndege-mashua za Imperial Airways, na kwa kuwa vitabu vingi vilisifu zaidi zile za aina ya Short S.23, maarufu kwa jina la Empire, akaamua kuwa ndiyo iliyopigwa picha. Na kwa kweli ndege hizo zilistahili sifa. Mchoraji wake alikuwa Arthur Gouge wa kiwanda cha Short Brothers, Rochester, Uingereza. Ya kwanza, Canopus, iliruka Julai 1936. Ilikuwa na injini nne za Bristol Pegasus na bawa moja pana la takriban mita 35, lililopita juu ya mwili. Iliweza kubeba abiria 24 wa mchana na mizigo ya barua. Kuanzia mwaka 1937 ziliunganisha Southampton na Durban, zikitua Kisumu kabla ya kuelekea Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Wakati wa vita, Kisumu kilikuwa kituo kimojawapo katika njia ndefu iliyotoka Durban kupitia Cairo hadi Sydney.

Alimpelekea baba yake mkubwa habari hizo, naye akafurahi sana. Alizikumbuka vyema: utotoni aliwahi kupelekwa Kisumu, akaona ndege kubwa ya namna hiyo ikipasua maji ya Ghuba ya Winam. "Nilikwambia," akasema. "Ni za wakati wa vita. Andika 1941."

Usiku ule kijana aliitazama picha tena, safari hii kwa utulivu, chini ya mwanga wa taa ya karabai. Ndipo alipoliona lile ambalo Dani alikuwa amemwambia. Chombo kile hakikuwa na bawa moja. Kilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yameunganishwa kwa nguzo na nyaya kama nyumba ya orofa mbili. Katikati ya mabawa hayo zilining'inia injini. Alizihesabu: moja, mbili, tatu. Macho matatu.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya kuondoa kisichowezekana. Empire ilitoka, kwani haikuwa na mabawa ya orofa. Sunderland, ndugu yake wa kivita aliyeruka mara ya kwanza mwaka 1937, nayo ilitoka kwa sababu hiyo hiyo. Catalina ya Wamarekani ilikuwa na injini mbili tu, na bawa lake moja liliinuliwa juu ya nguzo nene. Zilibaki zile za kizazi cha kale. Short Kent ilikuwa na mabawa mawili, lakini injini zake zilikuwa nne, na ziliundwa tatu tu. Rangoon ilifanana mno na chombo kile, injini tatu na orofa mbili. Hata hivyo ilikuwa ndege ya jeshi la anga la Uingereza, yenye nafasi za bunduki. Katika picha hapakuwa na bunduki. Palikuwa na safu ya madirisha ya abiria ubavuni, na herufi kubwa ya G, alama ya ndege za kiraia za Uingereza, ikifuatwa na herufi nyingine zilizofifia.

Jibu lililobaki lilikuwa moja: Short Calcutta.

Ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza Februari 1928. Ilitokana na Singapore, ndege ya majaribio ya kijeshi ambayo Sir Alan Cobham aliizungusha Afrika kati ya mwaka 1927 na 1928 akitafuta njia za usafiri wa anga. Calcutta ilibeba abiria 15, ilisukumwa na injini tatu za Bristol Jupiter, na upana wa mabawa yake ulikuwa mita 28. Abiria waliketi ndani ya mwili wake, ilhali marubani wawili walikaa mbele mahali palipo wazi, upepo ukiwapiga usoni kama nahodha aliyesimama kwenye omo.

Kilichomgusa zaidi mwanafunzi ni namna ilivyoundwa. Kuna ndege za majini zinazosimama juu ya maboya mawili, mfano wa mtu aliyevaa viatu vya kuelea. Mojawapo ni ile DH.50 iliyoitwa Pelican, iliyotumiwa mwaka 1927 katika majaribio ya safari kati ya Khartoum na Kisumu. Calcutta haikuwa ya namna hiyo. Mwili wake wenyewe ndio ulioelea. Ulikuwa na mkuku, omo na tezi, na chini yake kidato kilichokata mvuto wa maji, kwani tumbo laini lisilo na kidato hung'ang'aniwa na maji na kushindwa kupaa. Zamani miili ya ndege kama hizo iliundwa kwa mbao, nazo zilifyonza maji na kuongezeka uzito. Short Brothers wakaiunda Calcutta kwa madini mepesi ya duralumini. Faida hiyo haikuwa ndogo katika ziwa lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa nyepesi huipunguzia injini nguvu.

Basi Dani hakuwa akisimulia ngano. Alipoiita "meli" alikuwa amelitaja umbo lake kwa usahihi kuliko mjukuu wake aliyeiita "ndege" tu. Ilifungwa kwenye boya kama meli, ilivutwa kwa kamba kama meli, na waliokuwa wakiipokea walikuwa watu wa mashua, si watu wa uwanja.

La msingi zaidi, hata hivyo, lilikuwa tarehe. Imperial Airways ilifungua njia ya kutoka London hadi Mwanza Februari 1931, na Calcutta ndizo zilizohudumu kati ya Khartoum na Ziwa Victoria. Njia iliporefushwa hadi Cape Town mwaka 1932, Kisumu ukawa mji wa kubadilishia: abiria walishuka kutoka majini, wakapanda ndege za nchi kavu. Mwaka 1937 zilipokuja Empire, zama za orofa mbili zilikwisha katika njia hiyo. Kijana aliyeshika kamba ya Calcutta pale Kisumu hakuweza kuwa ameanza kazi mwaka 1941.

Kishawishi kimoja kilibaki. Calcutta zilipewa majina ya miji, na mojawapo, City of Khartoum, ilianguka karibu na Aleksandria tarehe 31 Disemba 1935. Watu 12 walikufa, rubani peke yake akanusurika. Mwanafunzi alitamani sana kuandika kwamba babu yake aliwahi kuifunga kamba ndege hiyo yenye msiba. Hadithi ingenoga. Lakini herufi zilizofuata ile G hazikusomeka, naye akaona kuwa akijaza pengo hilo kwa matamanio, atakuwa amefanya lile lile alilotendewa Dani: kuweka neno mahali pa ushahidi. Akaliacha pengo lilivyo.

Siku ya kikao, aliiweka picha mezani mbele ya baba yake mkubwa, kando ya kipande. Hakuhutubu. Alisema tu, "Baba, zile ulizoziona utotoni zilikuwa na mabawa mangapi?"

Mzee akavaa miwani, akaisogeza picha dirishani. Alipitisha kidole polepole kutoka injini hadi injini. Kisha akanyamaza kwa muda uliowafanya wote wanyamaze.

"Zangu zilikuwa na bawa moja," akasema hatimaye. "Hii mimi sikuiona. Hii ilikuja kabla yangu." Akamgeukia mama yake. "Mama, nisamehe. Nilikiamini kipande."

Dani hakushangilia wala hakulia. "Nilisema ina macho matatu," alijibu, akaomba arudishiwe picha yake.

Kuhusu mwaka wenyewe, baba mkubwa alipendekeza 1935. Mwanafunzi akakataa kwa heshima, kwani picha ilithibitisha mpaka, si siku. Hivyo jiwe likachongwa maneno haya: alihudumu kwenye gati la Kisumu tangu kabla ya mwaka 1937. Ni maneno makavu, yasiyo na tamathali. Lakini tangu siku hiyo mnong'ono wa ng'ombe haukusikika tena bomani.

Leo hakuna Calcutta hata moja iliyosalia duniani, wala Empire. Zilivunjwa, zikazama au zikauzwa kama vyuma chakavu. Zimebaki katika vitabu, katika picha, na katika vinywa vya wale walioziona au kusimuliwa. Vitabu vina mizani yake na picha zina yake. Vinywa vile navyo vina istilahi, ambazo mwanafunzi wa lugha hana budi kuzipima kabla ya kuzicheka. Huenda bibi kizee anayesema meli ina macho matatu amekwisha kuzihesabu injini kabla yetu.