Hema yetu ya mbuzi mbili

Wandugu wasomaji, mulituuliza sababu gani sisi wanne tulirudi na nusu ya minerval nyuma ya likizo kubwa. Basi sikieni.

Tulikwenda kuvua sambaza pamoja na wavuvi wa ziwa Kivu. Kazi ile ni ya usiku, na taa, wakati hakuna mwezi. Kulala ni muchana. Bashi ya plastiki ni bei ndogo, lakini jua likipanda, ndani inakuwa tanuru, na mvua ikinyesha umefunga, pumzi yenu inageuka maji juu ya blanketi. Tukachagua hema ya turubai, ile nzito ya pamba, imekwisha kutumika. Mwenyewe aliomba mbuzi mbili.

Turubai inapumua. Ikilowa, nyuzi zinavimba na kuziba matundu. Ila usiguse ndani na kidole, pale maji yatapita. (Mmoja wetu aligusa. Hatumutaji.)

Siku ya mwisho mashua ilikuwa inatuita, tukakunja hema na maji yake. Nyumbani tukasahau kuianika. Kiisha siku kumi tuliifungua: uvundo, madoa meusi, kitambaa kinapasuka na mukono kama karatasi.

Mbuzi ya kwanza ilitoka kwa mama ya mwenzetu, mujane. Ilikuwa ya masomo ya dada yake mudogo. Huyu dada amebaki nyumbani muhula huu. Mbuzi ya pili muzee angali anatudai.

Fundi alikata vipande vizima, akashona mifuko sita ya vitabu. Miwili imeuzwa. Anayetaka aje bwenini jioni, nyuma ya maombi.