Msomaji wa Kijiji

Tangu niache chuo, kijijini kwetu Nyamira nimepewa cheo bila kuapishwa: msomaji. Karatasi ya serikali ikifika, inaletwa kwangu. Cheti sina, lakini Kiingereza kilibaki.

Ngumu kuliko zote ni za bajeti. Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inataka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Tangu 2013 tuna gavana wetu na wadi 20, kila moja na MCA wake. Serikali imeshuka kutoka Nairobi hadi kwenye mashamba ya majani chai. Lugha yake bado iko njiani. Kifungu cha 7 kinasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Nyingine, Ekegusii ikiwemo, zikuzwe na kulindwa. Sawa, lakini pesa za barabara na zahanati zinajadiliwa kwa lugha gani?

Juzi nilimweleza magokoro, nyanya yangu, kwamba sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Nikamwambia: mishahara na safari ni chakula cha mafundi, maendeleo ni nyumba yenyewe.

Akafikiri, kisha akauliza kwa Ekegusii, “Kwa hiyo sahani ni kubwa kuliko nyumba?”

Swali hilo anaweza kulipeleka kikaoni mwenyewe, bila mimi. Mradi tu karatasi imfikie kwa lugha yake, kabla pesa hazijagawanywa.