Usifunge Lumbesa

Kama umewahi kushuka Hedaru, pale barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha inapopita chini ya Milima ya Upare, basi lumbesa unaijua. Ni gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba juu, halafu mkulima analipwa gunia moja tu. Sheria inaikataza, lakini haifi. Nami nakwambia, hata ndani ya kompyuta watu wanafunga lumbesa.

Kikundi cha kina mama wa Hedaru wanaoweka na kukopa waliniomba niwaandikie programu. Programu ya namna hiyo ina matabaka: chini hifadhidata, katikati kanuni za mikopo na riba, juu kioo cha simu ya mwekahazina. Mwanachama mmoja ana jina, namba ya simu, hisa, deni na mdhamini. Swali likawa, huyu mwanachama nimpandishe vipi kutoka chini mpaka juu?

Mshikaji wangu mmoja wa Dar, fundi kweli kweli, alisema: "We tuma yote bwana, kioo kitaonyesha tunachotaka." Mwingine akataka kila tabaka liwe na kifurushi chake, yaani nakala tatu za mtu mmoja. Njia ya kwanza ni nyepesi kuandika. Ya pili ni safi, ila siku kina mama wakitaka mdhamini wa pili, unarekebisha sehemu tatu.

Vifurushi hivi havikuanza jana. Martin Fowler alivieleza katika kitabu chake cha 2002, Patterns of Enterprise Application Architecture. Sababu ilikuwa safari: kompyuta moja ikiiomba nyingine kitu kimoja kimoja kupitia mtandao, inachelewa, afadhali kubeba vinavyohitajika kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2004 mwenyewe akaonya kwamba pasipo safari, ndani ya programu ileile, mara nyingi vifurushi ni kazi ya bure.

Lakini kilichonifanya nikate shauri ni swali la mama mwekahazina. "Mwanangu, simu hii ikiibiwa sokoni, mwizi si atayaona madeni yetu?"

Hedaru ni mji mdogo. Deni la mtu likitajwa stendi asubuhi, jioni limeshapanda mlimani hadi Vunta. Kioo cha mahudhurio kinahitaji jina na alama ya vema, basi. Ukituma mwanachama mzima, deni lake limo ndani ya simu hata kama kioo hakilionyeshi, na ajuaye kuchungulia atalisoma.

Safari ya kurudi nayo ina hatari zake. Machi 2012 kijana wa Kirusi, Egor Homakov, aliipelekea GitHub sehemu ya data ambayo fomu haikuiomba. Seva ikaipokea hivihivi, naye akapata ruhusa ya kuandika ndani ya mradi wa Rails. Hebu fikiria mtu anarudisha mwanachama mzima, deni limeshaandikwa sifuri!

Nikaamua hivi. Ndani ya seva mwanachama apite mwenyewe, bila kufungashwa. Mlangoni, panapoanza safari ya mtandao, nafunga kifurushi kidogo kwa kila kazi: cha mahudhurio, cha marejesho, cha mkopo mpya. Kinachoingia nacho kinakaguliwa; sehemu nilizozitaja tu ndizo zinazopita. Ndiyo, naandika mistari mingi zaidi pale mlangoni, lakini ni mlango mmoja. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inataka taarifa za mtu zisizidi kusudi lililozifanya zikusanywe.

Kwa hiyo mwenzangu unayejifunza kazi hii, usianze kwa kuuliza mtindo gani unasifiwa. Uliza mzigo unabadilisha gari wapi, na ndani yake kuna siri ya nani.