Wale Farasi Walikwenda Wapi?

Mwezi wa Februari mwaka 2021 nalimpa ndugu yangu mkubwa shauri baya. Sikumpa kwa hila wala kwa uvivu. Nalimpa kwa kujiamini, na kujiamini kwa mtu aliyesoma kidogo ni jambo ambalo aghalabu watu wa nyumbani kwake hulilipia.

Ndugu yangu hulima maembe katika Bonde la Kerio. Mimi nafundisha hesabu juu ya ukingo wa bonde hilo, karibu na Iten, mji ulioko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kati ya shamba lake na wanunuzi pana barabara ya kupanda kupitia Tambach, kona baada ya kona, na kimo chake chote ni zaidi ya mita elfu moja. Kwa miaka mingi alikuwa akikodi magari ya watu, na ujira wa magari hayo ulikula faida yake. Mwaka ule tuliazimia kununua pikapu yetu wenyewe. Yeye aliuza mitamba minne. Mimi nalikopa katika chama cha akiba na mikopo, nikakubali kukatwa mshahara kwa miezi 36.

Huko Eldoret tulionyeshwa pikapu mbili zilizokwisha tumika, umri wake karibu sawa. Moja ilikuwa ya petroli, ya pili ya dizeli. Ndugu yangu aliizunguka ile ya dizeli, akaiwasha, akaisikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Katika ujana wake alikuwa ameendesha trekta kwa miaka sita katika mashamba ya ngano ya Uasin Gishu, na sauti nzito ya dizeli ilimtuliza moyo. Mimi sikusikiliza kitu. Nalisoma karatasi. Ile ya petroli ilizidi mwenziwe kwa farasi wapatao 15, na bei yake ilikuwa nafuu.

“Kaka,” nikamwambia, “hii ndiyo yenye nguvu.”

Akanitazama, akaitazama tena ile ya dizeli, kisha akasema, “Haya. Mwalimu ndiye ajuaye hesabu.”

Safari ya kwanza ya mzigo kamili tulipakia kreti za maembe zilizokaribia tani moja. Lori la mnunuzi lilikuwa Iten, nalo lingeondoka saa sita mchana. Ndugu yangu alishika usukani, akaanza kupanda kwa desturi yake ya trekta: gia ya tatu, injini ikizunguka polepole, mguu mwepesi. Mahali barabara ilipokaza, sauti ya injini ilishuka, gari likatetemeka. Akakanyaga mafuta, hapakuwa na jibu. Akateremsha gia kwa kuchelewa, akaishikilia klachi nusu juu nusu chini ili gari lisirudi nyuma. Hayo aliyarudia kona tatu. Katika kona ya nne tulinusa harufu ya kuungua, kisha gari likasimama. Kijana wetu aliruka na jiwe, akaliweka nyuma ya gurudumu. Wakimbiaji wawili waliokuwa katika mazoezi yao ya kupanda mlima walitupita, tukabaki tukitazama migongo yao.

Klachi ilikuwa imekwisha. Lori liliondoka bila sisi. Maembe yalikaa siku mbili katika joto chini ya turubali, na yaliyosalimika tuliyauza kwa bei ambayo sipendi kuitaja. Ndugu yangu hakunilaumu. Usiku ule, tulipokuwa tukinywa chai, aliniuliza tu, “Mwalimu, wale farasi wako walikwenda wapi?”

Sikuwa na jibu. Na kwa kuwa kazi yangu ni kuwauliza watoto maswali yenye majibu, niliona haya, nikaenda kulitafuta.

Msomaji, fikiri unafungua nati ya gurudumu kwa spana. Spana ikiwa ndefu, nati iliyokaidi hulegea, ingawa mkono ni ule ule. Hiyo ni nguvu ya kusokota, nayo hupimwa kwa nyutoni mita. Nguvu hiyo haiulizi saa: nati yaweza kulegea kwa sekunde moja au kwa mchana kutwa. Nguvu za farasi ndizo ziulizazo saa. James Watt, fundi wa Uskoti wa karne ya 18, alitaka kuwaonyesha wanunuzi wa injini zake za mvuke kwamba kila injini ingeshika mahali pa farasi kadha wa kadha. Akaweka kipimo kwamba farasi mmoja huinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Ni karibu sawa na kuinua kilo 75 kwa mita moja kila sekunde.

Basi vitu hivi viwili si mahasimu, ingawa madereva hubishana juu yake kana kwamba kimoja ni cha kweli na kingine ni cha uongo. Nguvu za farasi ni nguvu ya kusokota iliyozidishwa kwa wepesi wa kuzunguka. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedali ya baiskeli, husokota kwa nyutoni mita zipatazo 117, kiasi kinachokaribia cha injini ya gari dogo. Lakini hawezi kuizungusha pedali mara elfu nne kwa dakika, na kwa hiyo mtu wa kawaida hawezi kudumisha hata nusu ya farasi mmoja kwa saa nzima.

Natwaa mfano wa gari lijulikanalo sana, Toyota Hilux ya toleo la mwaka 2015. Injini yake ya petroli ya lita 2.7 ina nguvu za farasi 166. Ile ya dizeli ya lita 2.4 ina 150. Hapo ndipo mimi ningekoma kusoma. Lakini farasi 166 hupatikana injini ikizunguka mara 5,200 kwa dakika, na usokotaji wake mkubwa kabisa, nyutoni mita 245, hupatikana kwenye mizunguko 4,000. Dizeli hutoa nyutoni mita 400 kati ya mizunguko 1,600 na 2,000 tu. Sasa zipande mlima zote mbili kwa mizunguko 2,000, kama apandavyo mtu wa trekta. Zidisha nyutoni mita kwa mizunguko, ugawanye kwa 7,024. Dizeli ina farasi 114. Petroli, hata tukiikopesha 245 zote, haifiki farasi 70.

Tena kuna hewa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda, maana hewa ya juu ni nyepesi. Karibu na Iten huwa imepoteza zaidi ya moja ya tano. Turbo, ambayo dizeli nyingi za siku hizi zinayo, huisukumia injini hewa zaidi na kufidia sehemu kubwa ya hasara hiyo.

Farasi wetu, basi, hawakuibwa. Walikuwa juu ya saa ya mizunguko, mahali ambapo ndugu yangu hakuwahi kupeleka injini yoyote maishani mwake. Nalimpa idadi yao, sikumwambia wanakaa wapi. Kosa baya zaidi ni kwamba sikumwuliza jinsi aendeshavyo gari. Laiti ningeuliza, tungenunua ile ya dizeli.

Klachi mpya ilipofungwa, niliendesha mwenyewe mzigo ule ule. Nalitia gia ya pili mapema, kabla mlima haujakaza, nikaiacha injini ipande mpaka 4,000 na zaidi. Ililia kilio kikubwa.

“Unaitesa!” ndugu yangu alipaza sauti. “Mwalimu, unaiua!”

“Haifi, kaka. Gia imegeuza mbio kuwa nguvu.”

Alishika ubao wa mbele kwa mikono miwili mpaka tulipofika juu. Gari halikusita hata mara moja, ila petroli iliyoliwa siku ile ilitufanya tunyamaze sote wawili.

Mkopo ulikwisha Februari mwaka 2024. Pikapu ingaliko. Ndugu yangu amejifunza kupanda kwa gia ya pili huku injini ikipiga makelele, jambo ambalo bado humkera, na watu wa Tambach husema huyasikia maembe yetu kabla ya kuyaona. Akifika Iten hunipigia simu shuleni, hata nikiwa darasani.

“Farasi wamefika, Mwalimu,” husema, na kukata.