Leo Mboga Gani?

Ukipita mitaa ya Nyamagana mnamo saa tano asubuhi, iwe Igogo, Mkuyuni au Butimba, hutakosa kumsikia mama akimwuliza jirani yake: "Leo mboga gani?" Jibu laweza kuwa sato, maharage, nyama ya ng'ombe, dagaa au mchicha. Kwetu sisi wa huku ziwani hayo yote ni mboga. Kinachoteremsha ugali ni mboga, hata kama kilikuwa na mapezi au pembe.

Wenzetu wa Kenya wakitaja mboga wana maana ya majani: sukuma wiki, kabeji, kunde. Mama mboga wa Nairobi haendi kununua samaki ziwani. Pwani nako, samaki na nyama ni kitoweo. Tulipata kumkaribisha dada mmoja Msabato kutoka Kisumu, asiyekula nyama wala samaki. Mwenyeji wetu alimwambia asiwe na wasiwasi, mboga ipo. Alifurahi, mpaka bakuli lilipofunuliwa na kichwa cha sato kikamtazama! Alikula ugali kwa parachichi, nasi tukacheka pamoja naye.

Hata Mithali 15:17, ambapo mboga penye upendo inapewa heshima kuliko ng'ombe aliyenona penye chuki, inamchanganya mtoto wa Mwanza. Kwake huyo ng'ombe naye ni mboga, tena ya sikukuu.

Lakini kuna mahali ambapo neno hili si la mzaha. Kliniki mama huambiwa kwamba mtoto akitimiza miezi 6, pamoja na maziwa ya mama aanze kupewa vyakula vingine, na mboga zisikosekane. Muuguzi ana maana ya mchicha, matembele au majani ya maboga. Mama aliyelelewa huku aweza kusikia mchuzi. Akifika nyumbani anachovya ugali laini katika mchuzi wa samaki, anamlisha mwanawe, naye ana hakika ametii. Samaki ni chakula bora, hatukatai. Ila minofu imebaki katika bakuli la wakubwa, na majani yenye kumsaidia mtoto kupata vitamini A, inayolinda macho yake, hayakuingia kabisa. Wataalamu wa lishe huandika "mbogamboga" au "mboga za majani", lakini penye foleni na vilio vya watoto neno hufupishwa. Basi mama, usione haya kuuliza: majani, au kitoweo?

Majani yenyewe Usukumani hayakosekani. Wakati wa kiangazi wapo nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo yakiungwa kwa karanga hata mgeni wa pwani huomba aongezewe.

Dagaa nao wana vituko vyao. Hawa wetu, Kenya huitwa omena na Uganda mukene. Wa Kigoma ni samaki wengine wa Ziwa Tanganyika, na wale wa Unguja ni wa baharini. Ukiwa Dar es Salaam, usinunue kabla ya kuuliza ni wa wapi. Wa Mwanza mara nyingi huwa na mchanga kwa sababu ya kuanikwa chini. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, uwakaange na kitunguu na nyanya, kisha ukamulie ndimu wakiwa bado jikoni.