Kitabu kimoja, marafiki wanne

Sisi marafiki wanne wa Kikula tunasoma kitabu kimoja kwa zamu. Siku ya Mungu mchana, tukichambua sombe, mwenye zamu anasoma kwa Kifaransa, kisha tunaelezana kwa Kiswahili. Bei ya makala na masomo ya watoto pia vinaingia humo.

Sasa tuko na Une si longue lettre cha Mariama Bâ wa Senegali, cha mwaka 1979. Mjane anamwandikia rafiki yake wakati wa matanga. Tulipofika pale wakwe wanapoondoka na pesa za rambirambi, mmoja wetu akaacha sombe. Akasema: “Mimi walibeba hata vyungu.” Miaka yote tunazungumza naye, hakuwa ametuambia.

Kanuni ya Familia ya inchi yetu, ya 1987, inampa mjane haki ya kubaki katika nyumba alimokaa na bwana wake. Lakini ndoa isiyoandikishwa komini ni ngumu kuitetea. Wiki hii wawili kati yetu walienda na mabwana zao kujiandikisha.

Mama, ukipata kitabu kizuri, usikisome peke yako.