Bibi Hasemi Tena Kwenye Basi

Basi bwana, msomaji wangu, kama hujawahi kusafiri na bibi kutoka Bangwe, wewe bado hujasafiri. Bibi yangu mimi akipanda basi pale stendi ya Masanga, Kigoma, hakuna abiria atakayelala. Kabla hamjafika Kasulu keshajua nani kaoa, nani kaachwa, nani anakwenda Dar kutafuta kazi na nani anamkimbia mkewe. Migebuka yake ya kukaanga itazunguka viti vyote. Na mimi mjukuu wake ataniita "mume wangu" kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva, mradi tu niaibike mbele ya watoto wa kike.

Hiyo ilikuwa zamani. Siku hizi akipanda basi ananyamaza. Nataka nikuhadithie sababu, na humo ndani nimo mimi mwenyewe, tena si kwa uzuri.

Mwaka 2018 nilimfuata Bangwe nimlete Dar atibiwe mtoto wa jicho. Tulishapita Kasulu, saa mbili na ushee asubuhi, basi likasimamishwa kwenye kizuizi. Wakaingia vijana wawili wenye sare. Ni sare gani, tuyaache. Kila mtu akaanza kupekua mifuko, maana watu wa njia ile tunaijua shughuli: vitambulisho mkononi, macho chini, mdomo umefungwa.

Bibi yeye haoni vizuri, ila kasikia viatu vinakuja. Akafanya kile alichofundishwa na mama yake. Kwetu Waha salamu si jambo la kutupia mtu huku unatembea. Unapiga makofi taratibu, unainama kidogo, unaulizana habari ya nyumbani mpaka umalize. Basi bibi akapiga makofi yake, akatabasamu, akasema, "Mwakeye!"

Kijana wa sare akamwangalia, halafu akamgeukia mwenzake: "Mrundi huyu."

Tukateremshwa. Bibi ana kadi ya mpiga kura. Akaitoa kwenye fundo la kanga. Wakasema hiyo hata kuku anaweza kupewa. Yakaanza maswali kando ya barabara, vumbi linatupiga. Umezaliwa wapi? Bangwe. Baba yako alizaliwa wapi? Na babu yako je? Cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Bibi akajibu kwamba mwaka wake haujui, ila baba yake alipigana vita vya Mwingereza kule Burma, aliporudi alimkuta yeye anatambaa. Wakacheka.

"Sasa mbona unaongea Kirundi?"

"Siongei Kirundi, mwanangu. Hiki Kiha."

"Tofauti yake nini?"

"Kamuulize Mrundi. Mimi sijawahi kuwa."

Ebwana, hapo hawakucheka tena. Yule mkubwa wao akanigeukia mimi. Nimevaa jinzi na raba, kitambulisho ninacho, Kiswahili changu cha Dar kimenyooka. Akaniuliza, "Na wewe unaongea lugha gani?"

Nikajibu haraka, hata sikufikiri: "Kiswahili tu, afande. Hicho cha kwao mimi sikijui."

Cha kwao. Lugha niliyobembelezwa nayo. Lugha ninayohesabia pesa kimoyomoyo mpaka leo. Bibi alikuwa kasimama hatua moja kutoka nilipo, na macho yake ndiyo yaliyokuwa mabovu, si masikio.

Tukaachiwa baada ya dakika arobaini, kondakta alipowaita pembeni wakazungumza mambo yao. Tulivyozungumza sisi mpaka Dar ni hivi: "Bibi, utakunywa soda?" "Hapana."

Sasa ngoja nikueleze kidogo habari ya hicho Kiha, maana washikaji wengi mjini wanajua Kigoma ni mwisho wa reli, dagaa na mawese, basi. Wataalamu wa lugha wanaziweka Kiha, Kirundi, Kinyarwanda, Kihangaza na Kishubi katika kundi moja. Muha na Mrundi wanaelewana bila mkalimani, na si ajabu, kwa sababu watu walikuwepo kabla ya mpaka. Mjerumani alitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi kama koloni moja. Reli yake ilifika Kigoma 1914, vita vikaanza mwaka uleule. Mbelgiji akaiteka Kigoma na Ujiji 1916, akakaa mpaka 1921, ndipo Mwingereza akakabidhiwa. Jiulize basi: babu wa bibi yangu, aliyekuwa akivua ziwani wakati huo, angejulikana ni raia wa nchi gani? Bendera tatu zilimpitia juu ya kichwa na yeye hakuhama hata mwamba mmoja.

Na wala usidhani watu wa Kigoma tuna ugomvi na Kiswahili. Aka! Ujiji kimezungumzwa tangu misafara ya pembe, Livingstone na Stanley walipokutana pale 1871 walikikuta. Pale Bangwe kwetu utakuta Muha, Mbembe na Mmanyema kwenye mtumbwi mmoja, wanatukanana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Kiswahili ni chetu kama kilivyo cha mtu wa Tanga. Ninachosema mimi ni kwamba mtu anaweza kuwa na ndimi mbili na roho moja.

Kiha hakijapigwa marufuku, mtu asikudanganye. Hakuna sheria inayosema ukikitamka utafungwa. Sera ya Utamaduni ya 1997 ilizitambua lugha za jamii, ikataka zienziwe. Serikali yenyewe tangu sensa ya 1967 haiulizi kabila la mtu. Lakini shuleni kwetu ukikutwa unaongea kilugha, unachapwa na kufagia uwanja, na kanuni za utangazaji zinataka redio iongee Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo Kiha kikabaki cha jikoni, cha msibani na cha ziwani. Sisi vijana tukakubali, tukaona ndiyo ustaarabu.

Kikapata siku yake moja ya raha. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walijikusanya, akina Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex na wengine, wakatoa ule wimbo wa Leka Dutigite, jina lenyewe Kiha kitupu. Jamani! Dar nzima ilicheza. Mademu wa Sinza na Kinondoni walikuwa wanatamka "dutigite" utadhani wamezaliwa Heru Juu. Mimi nikatembea kifua mbele wiki nzima. Mwaka uliofuata, Septemba 2013, ikaanza Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walirudishwa Rwanda, Burundi na Uganda, na miongoni mwao walikuwemo waliolia kwamba wao ni Watanzania, wengine wakiacha wake na watoto upande huu.

Halafu ikaja 2015. Burundi ilipochafuka, watu walimiminika kijiji cha Kagunga, mpakani kabisa, wakapita 50,000 kwenye kipande cha ufukwe chini ya mlima. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba, meli ile ile ya Mjerumani, ikawa inawabeba mia sita mia sita kuwaleta Kigoma, wanashushwa na kupelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika. Bibi akabeba sufuria ya uji akaenda. Nani aliwasikiliza wale akina mama waliopotelewa na watoto? Ni akina bibi kama huyu. Hakuna aliyemuuliza cheti. Siku zile Kiha kilikuwa mali ya taifa.

Kwa hiyo wenye mamlaka wanajua vizuri sana tofauti ya jirani na mgeni. Ndiyo maana nimekuja kuona kwamba lile swali la "wewe ni raia?" lina saa yake, na saa hiyo mara nyingi ni pale mtu anapofungua mdomo kulalamika.

Angalia mwenyewe. Mwaka 2001 mwandishi na mwenye magazeti, Jenerali Ulimwengu kutoka Kagera, aliyekwisha kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, aliambiwa si raia. Ikabidi auombe uraia kama mgeni, akapewa baadaye. Mwaka 2017 Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alisema hadharani kwamba nchi inahitaji Katiba mpya. Uhamiaji wakamwita kumhoji uraia wake. Julai 2019 mwandishi Erick Kabendera alichukuliwa nyumbani kwake Dar, tukaambiwa wanachunguza uraia. Siku chache baadaye uraia ukasahaulika, yakaja mashitaka ya uhujumu uchumi. Alikaa rumande mpaka Februari 2020, na mama yake akafariki yeye akiwa ndani.

Na wa kwetu je? Abdul Nondo, kijana wa Kigoma, Machi 2018 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenyekiti wa Mtandao wa Wanafunzi Tanzania, anapiga kelele kuhusu haki. Akapotea Dar, akaonekana Mafinga, Iringa. Alisema ametekwa. Serikali ikamshitaki kwamba amedanganya. Katikati ya kesi hiyo Uhamiaji nao wakamwita awaeleze uraia wake. Mahakama ya Iringa ilimwachia huru Novemba 2018. Desemba 1, 2024, akiwa sasa kiongozi wa vijana wa ACT Wazalendo, aliteremka basi kutoka Kigoma pale stendi ya Magufuli, Mbezi, akakamatwa na watu kwa nguvu. Usiku huohuo akatupwa Coco Beach, kaumizwa.

Sijasema kila anayehojiwa ni malaika. Mpaka lazima ulindwe, na sisi wa Kigoma ndio wa kwanza kuibiwa na majambazi wenye bunduki wanaovuka. Ila niambie, kuna mwanaharakati yupi wa Dodoma au wa Morogoro aliyewahi kuulizwa babu yake alizaliwa wapi? Sisi wa mpakani tumeshabebeshwa ushahidi mdomoni. Wakitaka kukunyamazisha, hawahangaiki na ulichosema. Wanauliza umekisema kwa lafudhi gani.

Na mchezo wenyewe wa vyeti, acha tu. Wakimbizi wa Burundi waliokuja 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia, na vyeti wakaanza kukabidhiwa 2014. Mimi nilifurahi, watu walilima miaka arobaini, wanastahili. Lakini ona kichekesho: aliyezaliwa Burundi sasa ana cheti kizuri chenye mhuri. Bibi yangu, aliyezaliwa juu ya mkeka Bangwe, hana. Tulipokwenda kwenye ofisi moja kuomba, tukaambiwa tulete mtu mzima aliyeshuhudia akizaliwa. Bibi akauliza kama atawakubali walio makaburini, maana wote anaowajua wako kule.

Yule karani, dada mmoja mdogo wa Kigoma hapohapo, alicheka kidogo, akajizuia. Akamjibu kwa Kiswahili. Nilimwona kabisa kwamba Kiha amekielewa.

Macho bibi alifanyiwa, akapona, sasa anaona mtumbwi ukiwa bado mbali. Anakuja Dar mara moja kwa mwaka kunisalimia. Anapanda basi pale Masanga, anakaa dirishani, anajifunika kanga mpaka kidevuni. Zaidi ya kilometa elfu moja, hasemi na mtu. Migebuka anakula mwenyewe. Kondakta akimuuliza anashukia wapi, ananyoosha karatasi niliyomwandikia. Nilimuuliza mara moja kwa nini asiongee japo Kiswahili, akasema Kiswahili chake nacho kinanuka Kiha.

Ile siku ya kizuizini hajaitaja hata mara moja. Mimi pia sijaitaja. Nimejaribu. Nilipanga kumwambia pale Muhimbili, bandeji zikiwa machoni, nikaona ni woga mwingine huo, kuomba radhi kwa mtu asiyeweza kukutazama.

Hupenda kunipigia simu jioni, saa ambayo mimi niko ndani ya daladala la Mbagala, tumebanana kama dagaa. Napokea. Anaanza kwa salamu, na nyuma ya sauti yake nasikia makofi, kaweka simu mapajani ili apige vizuri. Ananiuliza kwa Kiha kama nimekula, kama nina homa, lini naoa.

Natazama waliosimama karibu yangu, nasogeza simu mdomoni, namjibu kwa Kiswahili.